Mfereji wa London ulichimbiwa mwendo wa farasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji. Habari za London zikiandikwa kwetu ni Big Ben, mpira na familia ya kifalme, basi, ila kuna Regent's Canal, mfereji unaoanzia Little Venice kule Paddington ukazunguka kaskazini mwa katikati ya jiji mpaka Limehouse karibu na mto Thames, kilomita kama 14 hivi, na kando yake kuna njia ya miguu karibu safari nzima, hamna kiingilio wala tiketi, unashuka tu kutoka barabarani unaanza kutembea.

Mfereji ulikamilika 1820 na ile njia haikuwekwa kwa ajili ya watu kupunga upepo, ilikuwa ya farasi. Farasi anatembea kando, kamba nyuma yake, anavuta tishari, yaani boti ya mizigo, lenye makaa ya mawe taratibu kabisa, na ukishalijua hilo ndo unaelewa kwa nini njia ni nyembamba na kwa nini chini ya madaraja inabana hivyo, mpaka watu wawili wakikutana mmoja anabidi asubiri. Utaona pia sehemu fulani ukingo umekatwa ukawa na mteremko unaoingia majini. Hiyo ilikuwa ya kumwokoa farasi, maana treni zilipokuja zilikuwa zinawashtua wanatumbukia, basi anaongozwa humo humo majini mpaka kwenye mteremko anapanda mwenyewe.

Kitu kinachonigusa kuliko vyote ni alama za kamba. Kamba ilikuwa inalowa, inashika mchanga, inasugua kona ya daraja mwaka baada ya mwaka mpaka chuma chenyewe kikachimbika, kidole kinaingia! Nendeni Macclesfield Bridge pale Regent's Park. Tarehe 2 Oktoba 1874 tishari linaitwa Tilbury lilikuwa na baruti, likalipuka chini ya daraja hilo, watu watatu waliokuwemo wakafa na daraja likabomoka. Kulijenga tena wakatumia nguzo zile zile za chuma ila wakazigeuza, ndo maana leo nguzo zimechimbika pande mbili, upande mmoja kazi ya kabla ya mlipuko na upande mwingine kazi ya baada yake. Historia ya vibarua na wanyama wao iko pale wazi na mtu yeyote anaigusa kwa mkono.

Sasa mahandaki. La Maida Hill na la Islington hayana njia ndani, na la Islington lina mita 878. Farasi alifunguliwa akapitishwa juu mitaani, huku chini watu wamelala chali kwenye boti wanasukuma ukuta kwa miguu, gizani, mpaka watokee upande wa pili, hadi 1826 Islington walipoletewa boti ya mvuke ya kuvuta. Mtembeaji wa leo naye anapita juu alikopita farasi, sema wengi wakiona njia imekatika wanadhani safari imeisha wanageuza. Msigeuze jamani, pandeni, fuateni alama, Islington mtapita Chapel Market na kushukia Colebrooke Row, maji yako pale pale.

Linaloniuma ni baiskeli. Zinaruhusiwa na sina ugomvi nazo, na Canal & River Trust, wanaotunza mfereji tangu 2012, wanasema mwenye kwenda kwa mguu ndo apewe kipaumbele. Lakini asubuhi watu wakiwahi kazini wanaingia chini ya daraja mbio na kona ile huoni anayetoka upande wa pili, kuna mama na kigari cha mtoto, kuna mzee na fimbo yake, na pembeni ni maji hamna hata uzio. Ndugu zangu mnaoendesha huko, naomba kwa dhati, kengele mapema na mwendo chini, pakibana shuka usukume. Na sisi wa miguu tutoe vile vya masikioni tunapokaribia daraja.

Asiye na muda wa mfereji wote atembee Little Venice mpaka Camden, kipande hicho kina handaki la Maida Hill na zile nguzo za Macclesfield.

Msomaji wenu,
London