Barua kwa mwanangu: ikigoma, usiiendee

Mwanangu,

Mamako amenisomea ujumbe wako mara mbili. Kumbe Jumamosi mnarusha roketi: mwili ni lile bomba la ndani la karatasi za jikoni, mabawa yametoka kwenye boksi la kofleksi, ncha mmeichapisha kwa mashine ya chuo. Picha nimeiona. Imenyooka. Nimemwonyesha mwenye duka, akasema binti huyu ana mkono wa fundi. Sikumbishia.

Sasa nisikilize. Ikikataa kuwaka, usiiendee. Unasema mtasimama mita tano na waya wa betri, ndiyo kanuni ya injini ndogo. Sawa, lakini kanuni hiyohiyo inasema ikigoma mkate umeme kwanza, kisha mngoje dakika nzima. Wewe ugali wenyewe huuachi ukaiva.

Babu yako aliiona setilaiti ya Uhuru ikipaa na roketi hapa Ngomeni, Desemba 12, 1970. Waitaliano walioirusha kutoka jukwaa la baharini hawakusimama kando ya roketi. Walikaa jukwaa jingine, Santa Rita, nyaya zikapita chini ya bahari. Na hao walikuwa watu wazima wenye vyeti vyao.

Injini iwe ya kununuliwa. Huyo mwenzako anayetaka kupika mbolea na sukari kwenye sufuria, mwambie akapike kwao.

Nimetazama video usiku kucha, bando limekwisha. Je, roketi umeifunga uzi ukaizungusha, uone kama inatangulia ncha? Ikitangulia mkia, ongeza uzito kwenye ncha. Na ule mfuko wa nailoni wa parachuti mmeutoa wapi, si ilipigwa marufuku tangu 2017? Tia karatasi isiyoshika moto kati yake na injini, maana mlipuko wa injini unaofungua parachuti hutoka na moto. Hayo wayajua kunishinda, lakini kwenye picha hiyo karatasi siioni.

Kidole changu hakikukatwa na ndoano. Ilikuwa fataki ya Idi, iligoma, nikaenda kuitazama. Mamako anajua.

Gesi imekwisha, tunapikia makaa. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri. Zile elfu mbili za ncha nitakutumia Ijumaa, ingawa nilisema situmi.

Piga simu Jumamosi hiyohiyo, usingoje Jumapili. Ikigoma iache palepale, hata jua lizame. Simu nitakwenda nayo baharini.

Babako