Kusimama kwa Kichwa: Mzigo ni wa Mikono, Si wa Shingo

Kila darasa jipya la yoga likianza, hakosi anayeuliza: "Mwalimu, lini tutasimama kwa kichwa?" Hamu hiyo tunaielewa. Ila jina la mkao huu linapotosha. Kichwa kinagusa mkeka tu. Wenye kazi ya kuubeba mwili ni mikono na mabega.

Shingo ina pingili 7, nyembamba kuliko za kiuno, nazo zimezoea kubeba kichwa chenye uzito wa kilo 5 hivi. Ukizitwika mwili mzima, tena ukajirusha juu kwa teke, unatafuta kuumia. Ndiyo maana wiki ya kwanza hatumpandishi mtu.

Tunaanzia magotini. Shika kila kiwiko kwa kiganja cha mkono wa pili. Huo ndio upana wa viwiko, usiviache vitanuke. Kisha fumbanisha vidole mbele yako, weka utosi kwenye mkeka (si paji la uso), kisogo kiguse viganja. Inua nyonga, usogeze miguu taratibu kuelekea usoni. Sasa sukuma mkeka kwa mikono mpaka kichwa kielee. Hapo mwalimu hupitisha karatasi chini ya utosi wako. Ikiendelea kupita bila kukwama kwa pumzi 10, uko tayari kwenda ukutani. Ikikwama, bado kidogo. Wengine huwachukua miezi, na hatuwaharakishi.

Ukutani, vuta goti moja kifuani, kisha la pili, ndipo unyooshe miguu. Pumzi 5 zinatosha kwa kuanzia. Shingo ikiuma au vidole vikifa ganzi, shuka papo hapo. Ukishuka, baki umeinama nusu dakika, usije ukashikwa na kizunguzungu.

Faida zake tunaziona darasani: mabega na misuli ya tumbo hukaza, mizani huimarika, akili hutulia kwa kuwa huwezi kuwaza mengine ukiwa huko juu. Wanaosema mkao huu huotesha nywele au huongeza akili, sisi hatuwaungi mkono.

Mwenye shinikizo la damu, tatizo la shingo, mifupa dhaifu au mimba atuambie kabla ya darasa. Mwenye presha ya macho vilevile, kwani msukumo ndani ya jicho hupanda karibu mara 2 mtu akiwa kichwachini. Kwanza asikie la daktari wake. Kwa wengi wao tuna mikao mingine ya utulivu, na ada haibadiliki.