Mwananchi anayetoa taarifa ya ugonjwa naye ajibiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu nilipokuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja mkoani Morogoro, nalo ni utaratibu wa kukusanya taarifa za magonjwa kutoka kwa wananchi wenyewe kwa njia ya simu.

Utaratibu huu nauunga mkono kwa moyo wote. Mwezi Julai 2022, Serikali ilipotangaza kwamba ugonjwa uliozua hofu Ruangwa, mkoani Lindi, ulikuwa homa ya mgunda, wagonjwa 20 walikuwa wamekwisha kubainika na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia. Bakteria wa homa hiyo hutoka katika mkojo wa wanyama, wakiwamo panya, na binadamu huwapata kwa kugusa maji au udongo uliochafuliwa. Maradhi ya namna hiyo huanzia shambani na zizini, kwa hiyo anayeweza kuyaona mapema kuliko daktari yeyote ni mkulima, mfugaji, au mama anayeuguza nyumbani.

Ndiyo maana nimefurahia kazi ya wataalamu wa SACIDS, kituo kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapa Morogoro, waliobuni programu ya simu iitwayo AfyaData, ambayo humwezesha mtu aliyechaguliwa na jamii yake kuandika dalili anazoziona kwa watu na kwa mifugo pia, kisha kuzituma kwa maofisa wa afya na wa mifugo. Kuwaweka binadamu na mifugo katika fomu za mfumo mmoja ni busara kubwa, maana mbuzi wanaotupa mimba ovyo ni habari inayomhusu mganga wa zahanati sawasawa na inavyomhusu daktari wa mifugo.

Hata hivyo, kukusanya taarifa ni nusu tu ya kazi. Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, watu walituma ujumbe mfupi kwenda namba 4636 wakieleza walipo na wanachohitaji, na baadhi ya taarifa hizo ziliwekwa kwenye ramani kwa kutumia Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi na ambayo hadi leo inabeba jina la Kiswahili. Ujumbe mwingi uliandikwa kwa Krioli, lugha ambayo waokoaji wengi wa kigeni hawakuielewa. Wahaiti waishio ughaibuni ndio waliojitolea kuutafsiri, na hao hao walijua mtaa unaotajwa uko upande gani wa mji. Bila wao, maneno ya watu wale yangebaki maandishi tu kwenye kioo cha kompyuta.

Kwangu mimi hali haikuwa hivyo. Mradi mmoja ulinipa simu na mafunzo ya siku mbili. Fomu yake iliuliza kama mtoto ana "mtukutiko", ilhali katika kijiji kile hakuna mama aliyetamka neno hilo. Wao husema degedege, na wakisema degedege hukueleza na saa ilipoanza. Nilitafsiri kadiri nilivyoweza. Wiki moja niliripoti watoto wanne wa kitongoji kimoja wanaoharisha na kutapika, nikasubiri simu, nikasubiri mtu, nikasubiri hata dawa ya kutibu maji. Hakuna kilichokuja. Niliporudi kwenye kaya zile kuuliza hali, bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, hizi habari zetu unazipeleka wapi?" Sikuwa na jibu, na tangu siku ile milango ikaanza kuwa mizito. Mradi ulipoisha simu zikakusanywa, na hatukuelezwa taarifa zetu zilitumikaje.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu na kwa wafadhili ni kwamba mfumo wowote wa aina hii usiruhusiwe kuanza kabla ya kutajwa mtu atakayempigia simu mtoa taarifa ndani ya saa 24, hata kama ni kumwambia kwamba jambo limechunguzwa na halina hatari. Jibu hilo ndilo pia dawa ya tetesi za uongo: mtu anayejua kwamba neno lake litafuatiliwa na ofisa wa kata hulipima kabla ya kulituma. Dalili ziandikwe kwa maneno wanayoyatumia wagonjwa, na vocha ya mtoa taarifa ilipwe na mfumo, isitoke mfukoni mwake.

Kuna na siri ya mgonjwa. Nimeona picha za wagonjwa zikizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa kwa kisingizio cha kutoa tahadhari, na familia moja ikatengwa na majirani kwa ugonjwa ambao hata haukuwa wa kuambukiza. Mwananchi aelekezwe kupiga simu 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au kumfuata mhudumu wa kitongoji chake, na jina la mgonjwa liishie kwa wanaohusika na matibabu yake.

Kwa maofisa wa mradi ule, kama wanasoma gazeti hili: bibi yule bado yupo, na bado anangoja kuambiwa habari zake zilikwenda wapi.

Mhudumu wa afya wa zamani,
Morogoro