Isikilize kwanza, Salma

Rafiki yangu Salma,

Asalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Swali lako kuhusu Suratul Adiyat, ile sura ya Qur'ani inayoanza na mbio za farasi, limenikaa moyoni wiki nzima. Unasema umeisoma tarjuma mara tatu, na bado huoni farasi wa mwanzo wanahusiana nini na binadamu asiye na shukrani anayekuja baadaye. Hata mimi sikuona, mpaka nilipoisoma kwa sauti, kwa tajwidi, yaani kwa kanuni za matamshi ya Qur'ani, pumzi ikanibana.

Zitamke aya tatu za mwanzo: dhab-ha, qad-ha, sub-ha. Karibu na mwisho wa kila moja ipo herufi ya kalkala, yaani ya kudunda, yenye sukuni, yaani isiyo na irabu: ba, dali, ba. Sauti inagonga na kuruka. Papo hapo inafuata ile ha ya katikati ya koo, ambayo huitoi bila kuhema. Kishindo, pumzi. Kishindo, pumzi. Hizo ni kwato, Salma! Na "dhabh" yenyewe ni mhemo wa farasi akiwa mbioni. Mfasiri akiandika "wakihema" hajakosea, ila kifua chako hakihemi. Aya ni fupi, "fa" (yaani "kisha") moja inaisukuma nyingine, hupati pa kupumzikia hadi farasi wameingia katikati ya kundi.

Kisha: *innal insana lirabbihi lakanud*, hakika mtu kwa Mola wake ni mtovu wa shukrani. Mbio zimekatika. Nuni yenye shada, yaani iliyokazwa, inakushika kwenye ghuna, ile sauti ya puani, na ukisimama mwisho wa aya unaweza kuvuta hata harakati (vipimo vya irabu fupi) sita kabla dali haijagonga. Vumbi linatulia, na wewe uliyekuwa ukiwatazama farasi unakuta ni wewe unayetazamwa. Mimi nauelewa hivi: mnyama anajitosa vitani kwa ajili ya anayemlisha, na mtu kwa Mola wake ni mtovu wa shukrani. Neno la kuunganisha halikuwekwa. Kule kubadilika kwa mwendo ndiko kunakounganisha.

(Wanazuoni huuita mwisho wa aya fasila, hawauiti kina, kwa adabu ya kutoifananisha Qur'ani na ushairi. Napenda tuufuate msemo wao.)

Tazama pia Suratudh Dhuha. Wahyi kwa Mtume ulikuwa umesita kwa muda, washirikina wakasema Mola wake amemwacha. Jibu likaja: *ma waddaaka rabbuka wama qala*, Mola wako hakukuacha wala hakuchukia. "Hakukuacha" ina "ka", yaani wewe, "hakuchukia" haina. Wafasiri husema imeachwa ili fasila ilingane na dhuha na saja, maneno yanayomalizia aya mbili za kabla yake. Wengine wakaongeza kwamba ni upole: neno la chuki halikugusishwa Mtume, hata katika kukanusha. Siioni sababu ya kuchagua moja. Sauti ile laini na upole ule ni kitu kimoja.

Na Suratun Nas unaijua tangu utotoni. Aya zote 6 zinaishia kwenye sini. Isome taratibu, utausikia wasiwasi wa shetani ukinong'ona.

Basi leo usiku funika tarjuma. Mtafute Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, yule msomaji wa Misri aliyerekodiwa akisoma msahafu mzima kwa tartili, yaani kwa utaratibu na utulivu, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hana haraka, kila herufi anaipa haki yake. Msikilize anavyofika *lakanud*, halafu niandikie.

Wako akupendaye,
Zuhura