Kwa nini ankara ya GC-MS ni ya siku mbili

Kila muhula maabara za vyuo hapa Mwanza zinatulalamikia jambo moja: fundi wetu kafungua GC-MS (mashine inayotenganisha kemikali za sampuli na kuzitambua kwa uzito wa ioni zake), kasugua vyuma vidogo, kisha kaleta ankara ya siku mbili. Wengine wanahisi wamepigwa. Bei yetu hatuishushi, na sababu ni hii.

Kusugua kwenyewe ni saa chache. Muda unaliwa na ombwe, yaani hali ya kutokuwa na hewa ndani ya mashine. Kabla ya kufungua, chanzo cha ioni, panapochajiwa molekuli za sampuli (mara nyingi kiko 230 °C), na kwadrupoli, kichujio cha ioni (150 °C), vishuke chini ya 100 °C, pampu ya turbo inayovuta hewa isimame, ndipo hewa iingizwe. Ripela na lenzi, vyuma vya kusukuma na kuelekeza ioni, tunazisugua kwa unga laini wa alumina uliokorogwa na methanoli, tunasuuza, kisha zinaingia kwenye beseni la altrasoniki kwa methanoli, asetoni na heksani. Filamenti (waya unaotoa elektroni) na vihami vya seramiki havisuguliwi hivyo. Glavu hazivuliwi, kwa kuwa mafuta ya kidole kimoja tu yataonekana kwenye spektra (grafu ya matokeo). Baada ya kufunga, pampu ivute usiku kucha. Anayewaahidi kumaliza mchana mmoja anawaachia maji ndani ya mashine.

Kinachowagharimu zaidi ni kuzima mashine kila jioni ili kuokoa umeme. Ikizimwa ukutani, hita zingali moto, hewa yenye unyevu wa ziwa inapenya na kuoksidisha chanzo, na mvuke wa mafuta ya pampu ya mzunguko unaweza kupanda hadi ndani. Asubuhi wanafunzi wanasubiri kipindi cha vitendo, mtu anawasha filamenti kabla ombwe halijatulia, inaungua. Iacheni ikivuta muhula mzima. MS (sehemu inayopima ioni) na pampu yake viwe kwenye UPS (betri ya akiba) inayohimili zaidi ya nusu saa, ili umeme ukikatika mpate muda wa kuipoza kwa utaratibu.

Mnaogopa kwamba mashine ikiachwa itamaliza heliamu, gesi inayobeba sampuli? Punguzeni mtiririko wa spliti (gesi inayotupwa nje kwenye mlango wa sampuli) baada ya kudunga sampuli. Silinda ya lita 50 kwa bar 200 ina karibu lita 10,000 za gesi. Kwa mililita 60 kwa dakika itaisha ndani ya miezi minne. Kwa mililita 20 inakaribia mwaka. Hapo ndipo penye akiba, na iwe ya usafi wa 99.999%.

Kabla ya kutuita, angalieni m/z (uzito wa ioni kwa chaji yake) 18, 28 na 32, yaani maji, naitrojeni na oksijeni. Kama 28 ni karibu mara nne ya 32, hewa inavuja. Anzieni kwenye nati ya kolamu (mrija unaotenganisha kemikali) upande wa MS: feruli (pete ya kuziba) ya grafiti na Vespel, plastiki inayostahimili joto, hunywea baada ya kupashwa moto mara za kwanza. Poozeni, kazeni kidogo sana, pimeni tena. Ikiwa 18 peke yake ndiyo iko juu, ni unyevu. Ipeni pampu muda. Mkishindwa, tutumieni ripoti ya tuning (urekebishaji wa mashine kwa kemikali ya majaribio) yenye m/z 69, 219 na 502 pamoja na volti ya elektroni-maltiplaya (kikuza ishara), tujue vipuri vya kubeba, msilipie safari mbili.