Tairi kuingia kwenye rimu si kulifaa gari

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye Benzi, Jaguar na magari mengine ya kifahari ya miaka ya 1980 ambayo bado yanatembea hapa Dar es Salaam, na pia na ndugu zetu wauza matairi. Ukifika dukani Kariakoo na Benzi ya zamani, jibu utakalolipata mara nyingi ni "hii inaingia, bosi". Ni kweli, inaingia. Shida huanza baada ya hapo.

Chukua Benzi W126, ile S-Class iliyotengenezwa kuanzia 1979 hadi 1991. Nyingi za mwanzo zilivaa 205/70 R14 (upana wa tairi kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, kisha inchi za rimu), za baadaye 205/65 R15. Saizi zote mbili ni adimu kidogo mjini, lakini 195/65 R15 imejaa kila kona kwa sababu ndiyo inayovaliwa na Noah. Basi muuzaji anaivuta hiyo, rimu inaipokea, gari linashuka kwenye jeki, mteja analipa. Sasa soma namba iliyo baada ya saizi, ubavuni. 205/65 R15 ya kawaida imeandikwa 94, yaani kilo 670 kwa tairi moja. 195/65 R15 imeandikwa 91, yaani kilo 615. Umepoteza kilo 55 kila pembe, 220 kwa gari zima, uzito wa watu watatu wazima, kwenye gari ambalo tangu mwanzo ni zito. Kimo cha tairi zima nacho kinapungua milimita 13, kwa hiyo spidomita inasema 100 wakati gari liko kwenye 98. Hilo la spidomita mtu anaweza kuishi nalo. La mzigo hapana, hasa kama gari linaenda Dodoma mchana wa jua likiwa na familia na mabegi. (Mwenye Benzi W124 asishtuke: kwake 195/65 R15 ndiyo saizi ya kiwandani. Huyo ana bahati.)

Mtego mbaya zaidi ni herufi C. Utaona 205/65 R15C au 205/70 R15C, na ukilinganisha tarakimu tu utasema umepata. C ni tairi la gari la mizigo. Ubavu wake ni mgumu na limetengenezwa kubeba likiwa na upepo mwingi, mara nyingi zaidi ya 60 psi. Ukiliweka kwenye Jaguar XJ6 yenye 205/70 R15 na kulijaza 30, halibebi kile kilichoandikwa, halishiki lami vizuri likilowa, na kila shimo la barabarani linafika kwenye bushi na shokapu bila kupunguzwa. Ukilijaza upepo linaotaka, gari linarukaruka kama daladala tupu. Wenye Benzi W123 wanauziwa tairi la Hiace la inchi 14 kwa hoja kwamba "halipasuki". Gari lile halikuundwa kwa ajili hiyo.

Herufi ya mwendo, ile inayofuata namba ya mzigo, nayo isomwe: S ni kilometa 180 kwa saa, T 190, H 210, V 240. Hakuna atakayekimbia 240 Barabara ya Morogoro, lakini tairi la V hustahimili joto kuliko la S, na joto ndilo linaloua matairi hapa kwetu. Kwa matumizi ya mjini na safari za kawaida, H linatosha kwa nyingi kati ya gari hizi. Chini ya hapo mimi sishauri.

Sasa tarehe. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni kuna tarakimu nne: 3819 maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2019. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya 2000, ondoka. Saizi adimu ndiyo inayokaa rafuni miaka mingi kwa kukosa mnunuzi, kwa hiyo anayefurahi kupata 205/70 R14 "mpya kabisa" ndiye anayepaswa kuinama na tochi kuliko mwenye IST. Magari haya hayatembei sana. Matairi yake hufa kwa umri yakiwa na kashata (meno ya tairi) nzima. Nyufa ndogo mizizini mwa kashata na ubavuni ni dalili ya kutosha.

Usipoipata 205/70 R14, njia safi ni kuhamia rimu za inchi 15 za W126 za baadaye, 7J (upana wa inchi 7) zenye ET 25 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye habu), na kuvaa 205/65 R15. Tofauti ya kimo ni kama milimita 5, chini ya asilimia moja. Usichukue rimu yoyote kwa sababu ina matundu matano. Za Benzi za kisasa nyingi zina ET kubwa zaidi, zinaingia ndani na tairi linasugua. Za Volkswagen zina nafasi zilezile za boliti, 5 kwa 112, lakini tundu la katikati ni 57.1 badala ya 66.6, haziingii kabisa.

Jaguar XJ40 ina kesi yake. Baadhi zilitoka na matairi ya 220/65 R390, rimu ya milimita 390, ambayo ni inchi 15.35. Tairi la inchi 15 halikai humo, na fundi anayesema atalilazimisha afukuzwe. Tafuta rimu za inchi 15 za XJ40 za baadaye zinazovaa 225/65 R15. Kimo kinatofautiana chini ya milimita 3.

Kwenye Benzi, upepo usome kwenye kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, upime asubuhi kabla gari halijatembea. Boliti za W123, W124 na W126 zikazwe kwa 110 Nm, kwa spana yenye kipimo, si kwa bomba na uzito wa mtu.

Na spea isisahauliwe butini. Kama gari linavaa rimu za aloi na spea ni ya chuma, inahitaji boliti fupi. Ukitumia zile ndefu za aloi, nyuma zitatokeza ndani na kugusa breki ya mkono. Boliti fupi tano ziwekwe kwenye kifuko pamoja na jeki.

Fundi wa magari,
Mikocheni, Dar es Salaam