Mgonjwa wa mapafu akisharuhusiwa wodini, nani anampokea?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme jambo lililonikaa moyoni tangu mwezi Juni, mama yangu mzazi aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya kulazwa siku tisa kwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kuhusu siku hizo tisa sina la kulalamikia. Wauguzi walimhudumia usiku na mchana, oksijeni ilikuwapo, na daktari alitueleza waziwazi kwamba mapafu yake hayatarudi kama yalivyokuwa, ila yanaweza kutunzwa. Ninachokiandikia ni siku ya kumi, tulipokabidhiwa karatasi moja yenye majina ya dawa yaliyofupishwa, tarehe ya kurudi kliniki baada ya wiki sita, na neno la kututakia safari njema.

Mama ana miaka 71 na hajawahi kuvuta sigara. Kwa zaidi ya miaka 50 amepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, huku kwetu nyanda za juu ambako Juni na Julai moto hauzimwi kwa sababu ya baridi, na sisi watoto wake wote tumelelewa mgongoni mwake katika moshi huohuo. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tukisikia mtu ana ugonjwa wa mapafu tunadhani ni mvutaji au ana kifua kikuu. Mama alipoanza kukohoa alipimwa makohozi mara tatu kwa nyakati tofauti, akaambiwa hana TB, akarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Kipimo kinachoutambua ugonjwa wake, yaani kupuliza kwa nguvu katika mashine ya spirometa, alikipata mwaka jana, wakati tayari alikuwa hawezi kutoka chumbani hadi kisimani bila kusimama njiani mara mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021, na kwamba katika kila watu 10 wanaokufa nao kabla ya kutimiza miaka 70, karibu 9 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo mama si mgonjwa wa ajabu, na karatasi aliyopewa haikuwa ya kwanza wala ya mwisho kuandikwa.

Tulirudi na inhela mbili, yaani vifaa vya kupulizia dawa ya kuvutwa mapafuni, moja ya bluu na nyingine ya kahawia. Kwa wiki tatu mama alijipulizia mdomoni kama mtu anayejipulizia marashi, kisha ndipo akavuta pumzi, na dawa ikaishia kwenye ulimi. Zaidi ya hapo, ile ya kahawia, ambayo inatakiwa kutumika kila siku hata mgonjwa akijisikia vizuri, aliitumia pale tu alipobanwa, na ile ya bluu ya kufungua kifua haraka akaihifadhi kwa asubuhi na jioni. Sisi wanawe, wawili kati yetu tukiwa walimu, tulimtazama akifanya hivyo na hatukujua kuwa ni makosa. Wiki ya nne tulimrudisha usiku akiwa hawezi kumaliza sentensi moja.

Safari hiyo tulikutana na mtaalamu wa fiziotherapia ambaye alikaa naye kitandani dakika kumi, akamwonyesha hatua moja baada ya nyingine: tikisa, toa pumzi yote, bana midomo, bonyeza huku ukivuta taratibu, kisha shikilia pumzi kwa kuhesabu hadi kumi. Alipoona vidole vya mama vinatetemeka, alichukua chupa ya maji ya nusu lita, akaitoboa kitakoni tundu linalolingana na mdomo wa inhela, akaziba pembeni kwa gundi. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa kama hiyo inawafaa watoto wenye pumu sawa na kile kifaa cha kununua dukani. Kwa mzee kanuni haibadiliki, kwani dawa hutulia ndani ya chupa ikamsubiri avute. Chupa yenyewe iliyomsaidia mama ilikuwa inakwenda kutupwa. Nashindwa kuelewa kwa nini mgonjwa aruhusiwe kutoka wodini kabla mtu hajamtazama akitumia inhela yake kwa mkono wake mwenyewe na kuridhika kwamba ameweza.

Ndugu Mhariri, nchi yetu inajua kumfuatilia mgonjwa, na hilo ndilo linalonipa ujasiri wa kuandika. Mgonjwa wa kifua kikuu huwa na kadi, huwa na msimamizi wa kumeza dawa, na asipofika kituoni hutafutwa hadi mlangoni. Anayeishi na virusi vya UKIMWI ana kliniki yake ya CTC, ambako akikosa tarehe yake jina lake linaonekana. Katika hospitali ya Kibong'oto, kule Kilimanjaro, watu wamekuwa wakitibiwa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Lakini yule yule aliyefuatiliwa kwa miezi sita, akishamaliza dozi na makohozi yake yakaonekana safi, anaandikwa amepona na jalada linafungwa, ilhali wapo wengi ambao TB imewaachia makovu na mapafu yasiyopanuka tena. Hao pamoja na akina mama wa moshi wa kuni, wachimbaji waliovuta vumbi la miamba kwa miaka na wazee wa pumu ya muda mrefu wanabaki na shida moja ya pumzi, na mbele ya milango yao hapiti mtu mwenye daftari.

Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafunza na kuwaweka kazini wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Naiomba Wizara ya Afya iwape wahudumu hao jukumu la mapafu kwa maandishi, kama walivyo na jukumu la wajawazito na watoto. Kazi yenyewe haihitaji mtambo. Katika wiki ya kwanza baada ya ruhusa, wakati ambao mgonjwa hurudi kuzidiwa kwa urahisi, mhudumu afike nyumbani amwone akivuta dawa, amwekee kipima oksijeni cha kidoleni, aulize kama makohozi yameongezeka au yamebadilika rangi, aangalie kama miguu imevimba, na aifundishe familia kuwa mgonjwa anayeanza kusinzia ovyo au kuchanganyikiwa hapelekwi kulala bali hospitali. Ahesabu na dawa pia: inhela ya bluu ina mipulizo 200, na mwenye kutumia miwili mara nne kwa siku ataimaliza siku ya 25, wakati kliniki yake iko siku ya 42. Hesabu hii tuliifanya wenyewe mezani, tena baada ya inhela kwisha.

Sasa niseme kuhusu oksijeni, kwa kuwa hapo ndipo familia zinapoumia zaidi. Mama aliandikiwa oksijeni ya nyumbani kwa saa zisizopungua 15 kila siku. Ushauri huo una msingi: tafiti mbili kubwa, ya Marekani iliyotoka mwaka 1980 na ya Uingereza ya mwaka 1981, zilionyesha kuwa wagonjwa ambao oksijeni ya damu yao imeshuka sana huishi muda mrefu zaidi wakiipata kwa saa nyingi hivyo. Ndugu sita tulichanga tukanunua mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani. Hakuna aliyetueleza kwamba mashine ya aina hiyo hula umeme wa wati 350 hivi, maana yake ni zaidi ya uniti tano kwa siku na zaidi ya uniti 150 kwa mwezi. Kundi la bei nafuu la D1, lililowekwa kwa ajili ya kaya zenye matumizi madogo, lina ukomo wa wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba ya mjane ambaye taa zake tatu na redio zilimweka katika kundi hilo ni lazima ilivuke siku mashine inapowashwa, naye ndiye asiyekuwa na uwezo wa kupunguza matumizi. Naiomba EWURA, mdhibiti wa nishati na maji mwenye mamlaka ya kupanga bei ya umeme, ifikirie kumwacha katika bei ya chini mgonjwa mwenye cheti cha daktari cha oksijeni ya nyumbani. Wanaohusika watakuwa wachache, na cheti kinaweza kuhakikiwa na mganga mkuu wa wilaya.

Hata bei ikipungua, mashine haiwezi kukabidhiwa bila maelezo. Kaka yangu, kwa mapenzi tu, aliongeza kiwango usiku mama alipobanwa, akiamini kwamba oksijeni nyingi zaidi ni nafuu zaidi. Kumbe kwa baadhi ya wagonjwa wa ugonjwa huu oksijeni ikizidi huwafanya washindwe kutoa hewa chafu, wakalala usingizi wa hatari, na ndiyo maana madaktari hutaka kipimo cha kidoleni kisome kati ya asilimia 88 na 92, si mia. Jambo lingine ni moto. Oksijeni huchochea mwali, hivyo haitakiwi kuwa karibu na mafiga, jiko la mkaa wala kibatari, na katika nyumba nyingi za kwetu chumba cha mgonjwa na jiko vimetenganishwa na pazia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Sioni kaya inayostahili kutangulia katika ruzuku ya mtungi wa gesi kuliko ile ambayo hospitali yenyewe imethibitisha kuwa moshi umeshamwangusha mtu ndani yake. Orodha iko mikononi mwa waganga tayari.

Kuhusu mazoezi, niwe mkweli kwamba kosa lilikuwa letu. Tulimwekea mama kiti, tukamkataza hata kuchambua mboga, na majirani wakatusifu kwa kumpumzisha. Ndani ya mwezi mapaja yake yakapungua na pumzi ikazidi kuwa fupi, kwa sababu misuli isiyotumika hudai hewa nyingi kwa kazi ndogo. Katika hospitali ya Mulago, jijini Kampala, wagonjwa ambao mapafu yao yaliharibiwa na TB walipewa mazoezi yanayosimamiwa mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: walitembea mbali zaidi kuliko walivyoanza. Vifaa vya kuanzia si vya fahari, maana ukumbi, viti, ngazi na mtu aliyefunzwa vinatosha. Mama sasa anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye mparachichi na kurudi, akitoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepiga mluzi, na akichoka anaketi akainama mbele, viwiko juu ya magoti. Alianza kwa safari mbili kwa siku, na wiki iliyopita amefika nane.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga na kupitia kitita cha msingi nawaomba wasiishie kwenye kitanda cha wodi, bali wahesabu humo inhela za mwezi mzima, kipima oksijeni cha kidoleni, vipindi vya fiziotherapia ya kifua na oksijeni ya nyumbani kwa anayeihitaji. Mgonjwa mmoja anayerudishwa kila baada ya wiki nne kwa gari la kukodi usiku anaigharimu familia, na pia anaigharimu hospitali.

Mama ana kliniki tena mwezi ujao. Hadi siku hiyo, namba pekee tuliyo nayo ya mtu anayeyajua mapafu yake ni ya yule mtaalamu wa fiziotherapia, aliyetupatia kwa hiari yake, na ambaye amekuwa akipokea simu yetu hata Jumapili.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Makambako, Njombe